Daftari la mwaka mmoja: kisa cha malengo yangu manne hapa Lamu

Daftari lenyewe ni la shule, lile la kurasa 96, jalada la buluu, kona moja imekunjika kwa maji ya chumvi. Nimekaa nalo barazani tangu tulipotoka kuswali Alasiri, mwisho wa Desemba huu, nalipitia ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayekagua madeni ya duka. Nimeona niandike kisa chote vile kilivokwenda, manake kila mwezi huu ukifika nasikia watu wakijihukumu kwa neno moja tu, "mimi mvivu," wanafunga kesi, alafu wanaandika orodha ile ile tena. Mimi mwenyewe Juni nilijihukumu hivo hivo. Nilikosea, na hili daftari ndo lilinionyesha nilikosea wapi.

Kwanza mjue hali yangu. Nina miaka 37, mke na watoto watatu, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari, rangi, mabomba, huku Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, upande wa Langoni, na duka si langu. Nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 10 na nusu jioni, Ijumaa nafunga saa 6 mchana. Hobi sikuwa nayo hata moja, baada ya Isha ni simu mpaka usingizi unishike. Sasa mwisho wa 2024 binti yangu alileta kazi ya shule, waulizwe wazazi wanapenda kufanya nini wakiwa hawana kazi. Akaniuliza, nikanyamaza, nikamwambia subiri kwanza nifikirie. Alisubiri wee, mwisho akaandika mwenyewe: "Baba anapenda kazi." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini ile sentensi nililala nayo siku nyingi.

Basi nikaandika malengo manne ya 2025. Kuogelea mara 3 kwa wiki, saa 12 asubuhi nikishaswali Fajri, alamu kwenye simu. Kushona kofia ya vito moja kwa mkono wangu niivae Idi. Kusoma vitabu 12, kila mwezi kimoja. Na bao, nimfunge mzee mmoja anayecheza pale Mkunguni mbele ya ngome, ambaye tangu nikiwa mdogo sijaona mtu akimfunga mara mbili mfululizo. Kila siku nikifanya napiga tiki, nisipofanya naweka eksi, na pembeni naandika neno moja la sababu. Hilo neno la pembeni niliona ni mapambo tu wakati ule, kumbe ndo lilikuja kuwa na faida kuliko zote.

Kuogelea kulianza vizuri mno. Kuogelea najua tangu utotoni, hapa mtoto anajifunza kuruka gatini kabla hajajua kusoma, lakini kuogelea mwendo mrefu kwa pumzi ilikuwa imeshanitoka. Siku nne za kwanza za Januari nilishuka ule ufuo wa njia ya kwenda Shela, maji yamejaa, kaskazi imetulia, naona mpaka vidole vya miguu. Tiki, tiki, tiki, tiki. Siku ya saba nashuka nakuta maji yako mbali huko, mbele yangu ni matope na mawe, nikasimama pale nimeshika taulo, nikarudi nyumbani. Nikaandika eksi na pembeni neno "yamekupwa". Siku iliyofuata hivo hivo, na iliyofuata hivo hivo, alafu nikaacha kushuka nikawa nazima alamu narudi kulala, na neno la pembeni likabadilika likawa "usingizi". Wiki ya pili maji yakarudi nami nikarudi. Mwisho wa mwezi nilikuwa na tiki 13, nikajiona niko sawa.

Alafu ikaja ile Alhamisi ya katikati ya Februari.

Nilishuka kwenye saa 12 na nusu. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia, na maji yalikuwa bado mengi, yamefika juu ya mchanga, nikafurahi. Sikuangalia kitu kingine. Nikaogelea kwenda nje kidogo, kama ninavofanya siku zote, nikageuka nirudi, na nikaona ule mti niliouacha mkono wangu wa kushoto sasa uko nyuma yangu mbali sana. Bamvua ile, zile siku za maji makubwa, maji yakitoka, yanatoka kweli. Mkondo baina yetu na Manda ulikuwa unateremka kuelekea Shela na bahari kuu, nami nimo ndani yake kama kifuu. Nikapiga mikono kwa nguvu zote kuelekea ufuoni, nikihesabu, nikainua kichwa, ufuo uko pale pale na minazi inapita. Kifua kikaanza kuniuma. Nikakumbuka kulala chali. Nikalala chali, nikawa natazama mbingu na kusoma nilichokijua, mpaka nikasikia kafi inapiga ubavu wa mtumbwi. Alikuwa kijana anatoka kutega, akaniambia shika hapa nyuma usipande, akanivuta taratibu kwa kukata mkondo upande mpaka tukapata maji ya magoti. Hakunisema. Aliniuliza tu, "Wewe si wa hapa?" Nikamwambia ni wa hapa, nimezaliwa hapa hapa. Akanitazama kidogo, akasukuma mtumbwi wake akaenda zake.

Hilo swali liliniuma kuliko kifua. Sikumwambia mke wangu mpaka baada ya Idi, na kuogelea nikaacha.

Ramadhani ikaingia mwanzo wa Machi. Mwezi ule nimeandika eksi 31 kwa kuogelea, na leo nikizitazama naona hazikustahili kuwa eksi. Mtu amefunga, analala baada ya tarawehe, anaamka daku, na duka linataka mtu, ile si kushindwa, ni mwezi wenye kazi yake. Lakini orodha niliiandika kana kwamba miezi 12 yote ni sawa, na kwetu haiko sawa hata kidogo. Idi ikawa mwisho wa mwezi huo na kofia haikuwa tayari. Aprili na Mei mvua za masika, kusi limeingia, bahari imechafuka. Kuogelea Aprili tiki 2, Mei hakuna, Juni hakuna. Vitabu, nilikuwa nimemaliza 2 na cha tatu kimekwama ukurasa wa 40. Bao, michezo 22, nimefungwa yote 22.

Juni, siku moja usiku, niliandika katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa: MVIVU. Nikafunga daftari nikaliweka juu ya kabati.

Lililonirudisha si mimi, ni Ami. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, sasa amekaa, macho yamepungua, na kila jioni napita kumsalimia. Nikamweleza vile mwaka ulivoenda, mpaka na ile ya mkondo nikamwambia. Akaniambia nenda ukalete hilo daftari. Nikaenda nikalileta. Hawezi kusoma mwandiko wangu tena, kwa hivo akanambia nisomee siku zenye tiki za kuogelea, tarehe tu. Nikawa nasoma, tarehe 1, 2, 3, 4, na yeye anakunja vidole, 13, 14, 15, 16, 17, 18, anakunja vidole, 29, 30, 31. Akanisimamisha.

"Ngoja. Mwezi uliandama lini Januari hiyo?"

"Sijui Ami."

"Hujui. Umezaliwa Amu na hujui." Hakulisema kwa ukali, alilisema kwa huzuni, na hilo ndo lilinifanya nitoe simu nitafute. Mwisho wa Desemba mwezi mpya, katikati ya Januari mpevu, mwisho wa Januari mpya tena. Tiki zangu zote zilikuwa zimejikusanya pale pale, kundi moja kila bamvua, na katikati yake, wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa sana, eksi tupu. Miezi miwili nzima nilidhani ninaamua mimi kuamka au kulala, kumbe yaliyokuwa yanaamua ni maji.

Ami akanifafanulia kitu ambacho kila mvuvi anakijua na mimi wa dukani nilikiacha kinipite. Hapa kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa karibu saa 10, ya alfajiri na ya jioni, na hukupwa karibu saa 4. Kila siku yanachelewa, kadri ya dakika 50 hivi, kwa hivo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, saa 10 alfajiri ndo yamekupwa. Sasa mtu anayeweka alamu ya saa 12 kila siku ya mungu ni kama amefanya miadi na mtu anayesogea. Wiki hii mtakutana, wiki ijayo ataondoka kabla hujafika.

"Mai yana saa yake, mwanangu, si hiyo ya simu," akanambia. "Na tena wewe ulikuwa waingia yakitoka. Bamvua saa 12 yashaanza kutoka kwa nguvu. Mtu huogelea mai yakija, yakifika yakalala, basi, atoke."

Yaani hata zile siku zangu nzuri zilikuwa mbaya, nilikuwa naingia saa ya hatari nikijisifu kwa tiki. Hili ndo jambo la kwanza nilitaka mtu alichukue kutoka kisa hiki kama anaishi pwani na ana nia ya kuogelea: maji kuwa mengi si kuwa salama, uliza yanakwenda wapi.

Lakini nisiwadanganye nikasema kila kitu kilikuwa maji. Nilipokuwa nasoma lile daftari na Ami nikaona jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Aprili, Mei, Juni, miezi ile ile ambayo nilikuwa nimeandika MVIVU, safu ya kofia ilikuwa imejaa tiki. Karibu kila siku. Mtu yule yule, mwili ule ule, duka lile lile, mvua ile ile, na safu moja imekufa kabisa na nyingine inakwenda kama saa. Sasa kama ni uvivu, uvivu gani huu unaochagua safu? Hapo ndo nilichukua kalamu nikalikata lile neno.

Kwa hivo nikaanza kuuliza kofia imefanya nini ambacho wenzake hawakufanya.

Kofia ya vito wengi mnaijua kwa kuivaa, kuishona ni habari nyingine. Ni bafta nyeupe tabaka mbili, vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka, unachora nakshi kwa penseli, alafu unatoboa vitundu vidogo kimoja kimoja na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kinakaa duara safi, na hivo vitundu ndo vito vyenyewe, vinaingiza hewa kichwani na vinapendeza. Kito kimoja, mimi na mikono yangu ya misumari, mwanzoni kilinichukua karibu dakika kumi, na kilikuwa kikitoka yai badala ya duara. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, anashona tangu kijana, na anakaa kwenye baraza ya nyumba yao kila siku kutoka Alasiri mpaka karibu na Magharibi na wenzake watatu wanne. Sharti lake lilikuwa moja tu, nikitaka kujifunza nije nikae hapo. Hakuniambia vito vingapi kwa siku. Nilikuja, nikapewa kahawa, nikashona kilichoshoneka, nikaondoka.

Machi, siku chache kabla ya Idi, nilimpelekea kazi nikiwa na aibu, duara halijafika hata nusu. Nikamwambia mjomba, Idi ndo hiyo, nimechelewa. Akaishika, akaipindua dhidi ya mwangaza, hakuniuliza kuhusu Idi kabisa. Akaweka ukucha kwenye safu ya tatu. "Hapa vito vitano umevivuta sana, bafta imekunjika, fumua." Nilifumua jioni mbili nzima. Nilitamani kulia, wallahi, kuona kazi ya wiki inarudi kuwa matundu. Alafu akasema, "Idi si moja. Na Maulidi yaja."

Ile kauli ilinifungua kamba. Kofia ikawa ya Maulidi. Mwezi wa Mfungo Sita, ule wa Maulidi, safari hii uliingia mwisho wa Agosti, na mimi nikafunga uzi wa mwisho katikati ya Septemba, wageni wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha washaanza kushuka kwenye maboti. Safu ya kofia ina tiki 148. Nilienda nayo kichwani kwenye Maulidi, na ukiitazama kwa karibu upande wa nyuma kuna vito viwili havijalingana na wenzao, mjomba aliviona akaviacha, akasema hivyo viache, ndo jina lako.

Naona kofia ilisimama kwa sababu haikuomba saa yake yenyewe. Alasiri iko, baraza iko, watu wako, kahawa iko, mimi nikajipachika tu kwenye kitu ambacho kilikuwa kinakwenda bila mimi. Nisipokuja watu wanauliza yuko wapi. Na ukishona, ukimaliza jioni unaiona kazi ya jana na ya leo kwa macho, haijifichi. Kuogelea kwangu kulikuwa kwa peke yangu, kwenye saa niliyoibuni mimi, na vitabu vilikuwa hivo hivo.

Vitabu nitavipitia haraka manake hakuna mengi. Nilisoma 3 mwaka mzima. Lile lengo la 12 nilisikia mtu anajisifia nalo nikalibeba, na vitabu nilivyochagua ni vile nilivyoona vitanifanya nionekane nimesoma. Kusoma nilikuwa nakuweka baada ya Isha, macho yamechoka, simu iko pembeni. Sikuwa napenda, niliona tu ni deni, na deni la usiku halilipiki. Julai nililifuta kabisa na sikujuta. Kile cha tatu nilikimalizia Novemba kwa raha zangu bila kuandika tiki.

Bao ndo lilinifikirisha zaidi. Lengo lilikuwa kumfunga yule mzee, na ukilitazama vizuri lile si lengo langu, liko mikononi mwake. Yeye akiwa bora kuliko mimi siku zote, mimi nitakuwa nimeshindwa siku zote hata nikijifunza mambo mia. Na nilikuwa najifunza kweli, ila safu yangu ilikuwa na neno moja tu, "nimefungwa", mara 22, na ukiandika neno moja mara 22 unaacha kutaka kuandika.

Kwa asiyelijua bao la kiswahili, kila mtu ana safu mbili za mashimo 8, kete ni 64 zote, 32 zako 32 zangu. Unaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kwenye nyumba, lile shimo lako kuu, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi unaziingiza moja moja, hiyo ndo namua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, na hapo ndo unaona nani alikuwa anajenga na nani alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa nacheza. Nyumba yangu ikishanenepa ina kete kumi na kitu, naona mchezo mmoja mzuri wa kula upande wa pili, napata tamaa, naipeleka safari, natapanya kete zote, nakula tatu nne, watu wanasema ahaa, na baada ya zamu mbili mzee anapita anaokota kila nilichotapanya.

Siku moja ya Julai, nishaipeleka nyumba safari kama kawaida yangu, mzee akaweka mkono wake juu ya ubao kabla sijaachia kete ya mwisho. Komwe moja ilikuwa bado iko kwenye kiganja changu. Akanambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Mbona waivunda nyumba yako, na mwenye kuivunda bado hajaya?" Yaani naivunja mwenyewe, na wa kuivunja hajaja.

Nilibadilisha kipimo siku ile ile. Badala ya kuandika nimefunga au nimefungwa, nikaanza kuandika nyumba imefika wapi, imevunjika nikiwa na kete ngapi mkononi. Mwanzo ilikuwa 15, 14, yaani mapema kabisa. Agosti ikawa 9. Oktoba kuna siku mbili iliingia mtaji nzima. Bado nilifungwa, lakini sasa kila kufungwa kuna namba yake na namba inasogea, na nikawa nakwenda Mkunguni kwa hamu badala ya kwenda kama niliyeitwa na polisi. Kumfunga sijamfunga hadi leo. Novemba tulicheza mchezo mmoja mpaka adhana ya Magharibi ikatukuta, na alipokuwa anakusanya kete akasema, "Leo umenitosha," akanipa mkono. Sina tiki inayofaa kwa hilo, nimeliandika kwa maneno.

Turudi kwa maji. Baada ya yale mazungumzo na Ami nilifuta alamu, nikafanya hesabu nyingine. Nafunga duka saa 10 na nusu. Bamvua maji yanajaa karibu saa 10 jioni, kesho yake yamechelewa, kesho kutwa zaidi, kwa hivo kuanzia mwezi unapokuwa mpya, au mpevu, nina siku tano sita hivi ambazo maji yanamalizia kujaa au yamelala wakati natoka kazini na jua halijazama. Hizo ndo siku za kuogelea. Bamvua mbili kwa mwezi, siku kumi hivi zikienda vizuri. Siku nyingine zote za maji mafu ni za kofia na bao, wala sidaiwi kitu na bahari. Sikuweka eksi tena kwa siku ya maji mafu, niliacha wazi, na ule ukurasa kuuona tu ulinipa pumzi. Na siogelei peke yangu tena, jirani yangu mmoja tunashuka pamoja, na tunakwenda sambamba na ufuo, hatutoki nje.

Julai nilipata 4, manake kusi lilikuwa bado kali na jioni maji yanapiga. Agosti 6. Septemba 9. Oktoba upepo ukalegea, matlai ikaingia, bahari ikawa kioo, nikapata 10, Novemba 11, Desemba mpaka leo 9. Nusu ya kwanza ya mwaka nilikuwa na 21, nusu ya pili 49. Jumla 70. Ukilinganisha na mara 3 kwa wiki ni chini ya nusu, na mtu wa hesabu atasema nimefeli. Mimi nalinganisha na 2024 ambayo ilikuwa sifuri, na na yule mtu aliyekuwa analazwa chali na mkondo asijue mwezi uko wapi.

Kuna jambo moja bado nabishana nalo. Mke wangu anasema nilipoanza kufuata mwezi nilijipa ruhusa ya kuacha, kwamba mwenye nia angeogelea hata maji mafu, angetembea mbali kidogo yalipo maji. Ana hoja. Zipo siku za Agosti maji yalikuwa sawa kabisa na mimi nilikaa barazani kwa uchovu tu, nazijua kwa tarehe, na pembeni nimeandika ukweli, "nimechoka". Kwa hivo sisemi kila eksi ina kisingizio chake. Nasema tu ukitaka kujua ipi ni uvivu na ipi ni kipimo kibaya, tazama sababu za pembeni, tena ziandike siku ile ile, manake baada ya miezi mitatu moyo unakumbuka lawama tu.

Ami alinifundisha pia vile wao walivokuwa wanahesabu mwaka baharini, kutoka Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wao, siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 na siku 5 zinabaki. Nahodha hakuuliza Januari au Februari, aliuliza ni mwongo wa ngapi, akajua upepo uko wapi na safari ipi inawezekana. Nimeanza kupitia daftari kila siku ya kumi badala ya kila mwisho wa mwezi. Siku kumi unazikumbuka zote, ukiharibu umeharibu kidogo, na ile inayofuata iko karibu.

Sijaandika malengo ya mwaka unaokuja. Mjomba ameshanikatia bafta nyingine, ukanda huu una nakshi ngumu kidogo. Na jana binti yangu alinikuta nahesabu na vidole kama Ami, akauliza nahesabu nini, nikamwambia nahesabu maji. Mwezi unaelekea kuwa mpevu sasa. Ijumaa yatajaa kwenye saa 10 jioni, na duka Ijumaa nafunga mapema, na ashaniuliza mara mbili kama na yeye anaweza kuja.